Kwa Mama Yetu Bertila, Aliyejua Paka Ale Nini

Mama, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka. Mvua ilipiga mabati ya wodi kwa nguvu hata hatukuisikia pumzi yako ya mwisho. Mimi nilikushika mkono huu, mama mdogo Rahel ule mwingine, na kila mmoja wetu alidhani bado upo.

Gazeti lilitupa nafasi ya picha yako na maneno thelathini. Maneno thelathini hayatoshi hata kueleza ulivyoosha dagaa. Kwa hiyo mume wangu Lugano ameyapiga haya kwa taipu kwenye stensili, tumeyarudufu, na yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kanisani na kwenye mlango wa kila ghala la mtaa wetu. Karatasi tumenunua wenyewe, asije mtu akasema tumetumia za ofisini kwa Lugano. Lugano amenisihi nipunguze ukali. Alipoona sipunguzi aliendelea kupiga taipu, kwa kuwa ananijua.

Kwa wasiokufahamu, tuwaambie. Ulikuwa mhudumu wa ofisi ya mifugo kwa miaka kumi na tisa. Ulifagia, ulichemsha sindano, ulipanga chupa za dawa. Bwana mifugo Yonas alipokuwa akiwaeleza wafugaji, wewe ulikuwa nyuma ya mlango na ndoo yako, ukisikiliza kuliko wao. Ulipopunguzwa kazi mwaka tisini na mbili wenzako walilia. Wewe ulikwenda kukodi ghala hapa nyuma ya soko la Sumbawanga, wewe na baba mdogo Zenon, mdogo wake marehemu baba yetu Felisian. Lilikuwa ghala moja lenye ukuta wa mbao katikati, upande wako na upande wake. Enzi hizo biashara ya mahindi ilikwisha kufunguliwa, na kila mwenye mizani na turubai akawa mfanyabiashara. Wewe ukaongeza paka.

Ulimwita Meneja. Ulisema mameneja wote wa mashirika wamerudishwa makwao, basi huyu mmoja abaki kazini. Alikuwa jike la rangi ya majivu, shingo nyeupe, na alitembea juu ya magunia taratibu kama anayakagua.

Mji mzima uliamini, na bado unaamini, kwamba paka wa kukamata panya asilishwe. Akishiba atalala. Atupiwe ukoko wa ugali, na akikosa hata huo basi, njaa itamtuma. Wewe ulikataa. Ulisema paka si mbuzi wala si kuku, mwili wake umeumbwa kwa nyama na samaki, na ukimpa ugali mtupu unamjaza bila kumlisha. Ulikwishaona pale ofisini paka aliyeletwa na bibi mmoja, amekula ugali na chai tangu utoto, macho yamekufa. Ulipotusimulia habari hiyo ulitukazia macho kana kwamba sisi ndio tuliompa.

Kila Jumamosi ulikwenda sokoni kuwangoja akina mama wanaoleta dagaa wa Kabwe, kule ziwani. Ulichagua waliokaushwa juani bila chumvi. Ulinusa, ukamvunja mmoja katikati, ukamwonja kwa ncha ya ulimi, na muuzaji akisema "mama, chukua tu, wote ni walewale," ulihamia kwa mwingine. Nyumbani uliwaosha kwa maji mawili, ukawaloweka, ukawachemsha, ukautenga mchuzi wa Meneja kabla hujatia kitunguu na chumvi kwenye wetu. Sisi tulisubiri. Kaka yangu Flavian alilalamika kwamba katika nyumba hii paka anapakuliwa kwanza.

"Wewe kitunguu hakikuui," ulimwambia. "Yeye kinamuua. Subiri."

Ugali ulimpa, ndiyo, tonge dogo lililovurugwa kwenye samaki, si zaidi. Maini mara moja kwa wiki, kwa sababu ulisema maini ya kila siku yanaharibu mifupa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hukumpa kabisa, wala miiba ya samaki kama migebuka. Maji safi ulimwekea kila asubuhi, mbali kidogo na sahani yake ya bati. Na maziwa ulimnyima alipokua, kwa kuwa yalimharisha, jambo ambalo rafiki yako Masunga wa Mtowisa, mtu aliyezaliwa katikati ya ng'ombe, hakuweza kulielewa.

"Mama Albina, kuna kiumbe anayekataa maziwa?"

"Hakatai yeye, Masunga. Linakataa tumbo lake."

Masunga alitikisa kichwa, akayanywa mwenyewe yale maziwa, na kila alipopanda kutoka bondeni na mpunga wake alikuuliza kama tumbo la Meneja limebadili msimamo.

Mwaka tisini na tatu Lugano alitoka safari ya kikazi Dar es Salaam na kopo la chakula cha paka, maana siku hizo maduka ya kule yalikuwa yameanza kujaa kila kitu. Ulimkalisha akusomee yaliyoandikwa. Samaki, maini, nafaka kidogo, hakuna kitunguu. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Haya, nao wameniiga," ukaliweka kopo dirishani bila kulifungua. Baadaye tulilifungua sisi, na mpaka leo lipo pale, tunapandia kitunguu jani ndani yake, tukijua ungetucheka.

Watoto wa paka ndio uliowapenda kuliko wote. Uliwaacha wanyonye mwezi mzima, kisha ukawaanzishia dagaa waliopondwa na kiini cha yai, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Hukumtoa mtoto kabla hajatimiza miezi miwili, na hukumtoa bure. Wengine humtoa paka kwa kuku, wengine kwa chumvi, ili paka asisahau kazi. Wewe ulitaka kopo la dagaa, na dagaa hao hawakuwa wako bali wa mtoto mwenyewe. Aliyekuja kuchukua mtoto ulimkalisha kwenye kigoda pale ghalani, akawaosha dagaa na kuwapika mbele yako, akamlisha mtoto kwa mkono wake, halafu akakariri masharti yote kwa sauti. Akikosea moja anarudi wiki ijayo. Karani mmoja wa mahakama, mzee mwenye mvi zake, alirudi mara mbili na hakuthubutu kununa.

Baba mdogo Zenon alikuona mjinga. Upande wake wa ghala alikuwa na dume jeusi ambalo halikupewa kitu, na alikutania mbele ya wateja kwamba shemeji yake anafuga mgeni badala ya mtumishi. Ulivumilia mwezi mzima. Asubuhi moja ukamwita mlangoni. Ulikuwa umepanga panya saba kwa mstari, vichwa vyote upande mmoja.

"Shemeji, hawa ni wa Meneja, wa siku moja. Lako limekamata wangapi?"

"Mmoja," alisema.

"Meneja alikula dagaa na tonge la ugali. Lako lilikula nini?"

"Halikula."

"Ndiyo maana. Lina njaa, limekamata mmoja, limeshiba, limelala. Huyu wangu hawindi kwa ajili ya tumbo. Anawinda kwa kuwa ana nguvu na anaipenda kazi."

Mtaa mzima ulicheka. Naye alicheka pamoja nao, lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu yake na niliyaona macho yake. Ulimwambia akae kwenye kigoda umfundishe, akasema hana muda. Hukumcheka tena baada ya siku hiyo, maana hukuwa mtu wa kumcheka mwenzako mara mbili. Ulidhani limekwisha.

Ulipolazwa, ulikuwa hutaki kusema habari za kifo. Ulisema habari za chakula. Tulikukuta kila siku ukiuliza kama dagaa wameoshwa. Siku mbili kabla hujatutoka baba mdogo alikuja wodini, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akavua kofia. Tulikuwepo mimi, Flavian na mama mdogo Rahel.

"Shemeji, tulia," alikuambia. "Meneja atakula kama anavyokula kwako. Nitamlisha mimi mwenyewe."

"Kwa maji mawili," ulisema.

"Kwa maji mawili."

Ulifumba macho ukatabasamu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho tulipokuona ukitabasamu, na aliyekufanya utabasamu ni yeye. Jambo hilo ndilo linaloniuma kuliko yote yaliyofuata.

Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa. Ghala lilikwenda kwa baba mdogo lote, na hilo hatukubisha, sisi watoto wako hatufanyi biashara ya mahindi. Wakataja vya ghalani: mizani, maturubai mawili, bambo la kuchomea magunia, na paka. Mzee mmoja akasema paka ni wa ghala, si wa mtu; akihamishwa leo, panya watajua leoleo. Wote wakaitikia. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Nilikuwa na neno, mama, nikalimeza, nikajiambia si ameahidi. Nilipeleka chai. Bintiye Meneja, tuliyemwita Karani, hawakumtaja kwa kuwa alikuwa nyumbani jikoni, basi tulibaki naye.

Miezi sita sikwenda kule. Nilishindwa kupita mbele ya ghala na wewe haumo. Hilo nimeliungama kwa padre, naliungama na kwako.

Mwezi wa kumi Masunga alipandisha mpunga, akapitia kwetu. Hakukaa. Alisimama mlangoni akizungusha fimbo yake.

"Albina, yule paka wa mama yako anaumwa?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Nimemwona anatembea amejibanza ukutani. Nikamtupia kipande cha nyama, kikaanguka mbele ya pua yake. Alikitafuta kwa kunusa, kama mtu anayetafuta sindano gizani."

Nilikwenda ghalani vilevile nilivyokuwa, na unga mikononi. Meneja alikuwa mbavu na mkia. Kwenye sahani ile ya bati kulikuwa na ukoko wa ugali uliokauka mpaka umepasuka. Maji hayakuwepo. Nilimwita jina, akainua kichwa, akanijia mbio akifuata sauti, akajigonga kwenye mguu wa mizani akaanguka. Alinyanyuka akaanza tena kuja.

Baba mdogo alikuwa mezani anafunga hesabu zake.

"Shikamoo baba mdogo. Huyu anakula nini?"

"Marahaba. Anakula kazi yake. Ghala lina panya wa kutosha."

"Uliahidi mbele yetu."

"Binti yangu, mgonjwa anaambiwa anachotaka kusikia. Mama yako alimdekeza. Nilitaka tumwone bila dagaa wa shemeji atakamata wangapi."

Nilimtia Meneja kwenye kikapu. Akasema hicho ni kifaa cha ghala, wazee walikwisha amua. Nikamwambia awaite wazee, mimi nipo. Hakumwita mtu. Nilipita naye katikati ya soko, na kila aliyeniuliza nimebeba nini nilimfunulia kikapu akaona. Sikupita njia ya mkato. Nilipita sokoni makusudi.

Bwana mifugo Yonas alimshika kichwa, akamwashia tochi kwenye macho. Mboni zilibaki zimetanuka, kubwa na nyeusi, hazikusinyaa hata kidogo. Alizima tochi, akakaa.

"Ugali mtupu nusu mwaka, na njaa juu yake," alisema. "Mlisheni. Mwili utarudi. Macho hayarudi. Mama yenu aliwaambia."

"Alituambia," nilisema.

Tumemlisha, mama. Dagaa kwa maji mawili, tonge dogo, maini Jumapili. Manyoya yameota. Anajua kila kona ya nyumba kwa masharubu yake, na hatuhamishi kiti bila kumwambia.

Hapa ndipo Lugano aliponisihi. Nami nasema sitapunguza.

Karani alikuwa amezaa watoto watano mwezi wa nane. Wiki ileile niliyomleta Meneja nyumbani nilikwenda mtaa wa maghala, mlango kwa mlango. Nilianza na Debora mwenye ghala la kushoto kwa Zenon. Nikaenda wa kulia. Nikaenda wa mbele, nikaenda wa nyuma. Niliwaambia nina watoto wa paka wa ukoo wa Meneja, waje na makopo yao ya dagaa. Walikuja. Niliwakalisha kwenye kigoda chako, na masharti sikuyalegeza hata moja, maana sikutaka paka wa kupendeza machoni. Nilitaka paka wenye nguvu. Debora alipomaliza kukariri aliniangalia.

"Albina, huyu wa katikati hujampa?"

"Huyu wa katikati ana elimu yake," nilimjibu. Alinielewa, akacheka, akaondoka na paka wake.

Kufika mwezi wa kwanza watoto wale walikuwa wamekomaa, wamenenepa, kazi wanaijua. Panya nao wanajua kuchagua pa kuishi. Walitoka kushoto, walitoka kulia, walitoka mbele na nyuma, wote wakahamia pasipokuwa na paka. Lile dume lake jeusi lilikwisha kumkimbia zamani, lilihamia buchani na halikurudi. Paka akiondoka panya hutawala. Mtoto wa darasa la pili anaijua methali hiyo, lakini baba mdogo hakuikumbuka mpaka aliposikia magunia yake yanatafunwa mchana kweupe.

Alikuwa ameyaweka mahindi yake kungoja bei ya masika. Mwezi wa pili Ambilikile, mnunuzi wa kutoka Mbeya, alikuja na lori lake. Alichoma bambo kwenye gunia la kwanza, likatoka na unga na mavi ya panya. Akachoma la pili. Akachoma la chini kabisa, bambo likatoka na manyoya. Akalifuta kwenye suruali, akasema, "Mzee, hii siyo mahindi, hii ni nyumba ya watu," akasogeza lori kwenda kupakia kwa Debora.

Nilikuwepo. Nilikwenda makusudi, Meneja nimemfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto. Nilicheka, mama. Nilicheka kwa sauti ili asikie, na nilimgeukia ili aone ninachokibeba. Wewe ulimcheka mara moja ukaacha. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, sikujisikia vibaya, na hata leo ninapoandika sijisikii vibaya. Watu wa mtaa wakajua kisa chote siku hiyo. Waliokuwa wanamsalimia wakaanza kuangalia pembeni.

Jumapili iliyopita, baada ya misa ya kwanza, alikuja nyumbani. Alikuwa amevaa koti lake la arusi na mkononi ana kopo la dagaa. Nilimpa shikamoo, kwa kuwa ndivyo ulivyotulea. Alikaa akaweka kopo miguuni.

"Albina mwanangu, nimekuja kwa mambo mawili. Nasikia Karani amezaa tena na watoto wawili wamebaki. Naomba mmoja. La pili, nasikia mnaandaa kumbukumbu ya shemeji. Niandikeni na mimi. Mtaani hawanisalimii. Kanisani nakaa benchi peke yangu. Wakiliona jina langu pamoja na yenu, watajua yamekwisha."

Mama mdogo Rahel, mwenye moyo kama wako, alikwisha kuleta kigoda. Baba mdogo alihamia juu yake akapandisha mikono ya koti. Hatukumwonyesha kitu. Aliwavunja dagaa wawili akawaonja kama wana chumvi. Aliwaosha kwa maji mawili. Aliwaloweka, akawachemsha, hakugusa kikopo cha chumvi kilichokuwa mbele yake. Kisha akakunja mikono akakariri. Paka si mbuzi. Tonge moja dogo, si zaidi. Maini mara moja kwa wiki, yakizidi yanaharibu mifupa. Hakuna kitunguu, hakuna mifupa iliyopikwa, hakuna miiba. Maziwa ya ng'ombe hapana. Maji kila asubuhi, mbali na sahani. Mtoto mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Ugali mtupu unaua macho.

Hakukosea hata neno. Lugano alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini.

"Baba, haya umejifunzia wapi?"

"Kupitia mbao," alisema, na nilisikia majivuno kwenye sauti yake, kama mwanafunzi anayengoja kusifiwa. "Miaka yote ile. Kila aliyekuja kuchukua paka kwa shemeji nilimsikia akikariri upande wa pili. Nayajua kuliko ninyi."

Mama, nilikuwa nimekwisha nyanyuka. Nilikuwa nakwenda jikoni kumchukua yule mwenye madoa, nimpe, tuyamalize. Nilirudi nikakaa.

"Kumbe ulijua," nilisema.

"Nilijua."

"Macho ya Meneja ulijua yatakufa."

Chungu kilianza kufurika. Mama mdogo akakiepua.

"Nilijua yanaweza kufa," alisema. "Nilitaka shemeji akosee mara moja tu."

Ulikuwa kaburini, mama. Ulikuwa kaburini na yeye bado anabishana na wewe, na mahali pa kubishania ni macho ya kiumbe ambaye yeye alikuahidi kumlisha. Tangu mwezi wa kumi nilidhani ni ubahili na ukaidi wa mtu asiyejua. Mtu asiyejua nilikuwa tayari kumsamehe.

Harufu ya dagaa ilikuwa imejaa chumbani. Meneja alitoka chini ya kabati, akaja kwa kufuata ukuta, akafika kwenye kigoda, akamnusa suruali. Baba mdogo alimwekea samaki kwenye kiganja, na Meneja akala. Alikula wote, akamlamba vidole, akajiegemeza kwenye mguu wake. Baba mdogo alianza kulia. Mama mdogo naye alianza kulia.

"Mpe, Albina," alisema. "Dada angempa. Na jina muandike. Hata paka mwenyewe amemsamehe."

"Meneja hamwoni," nilisema. "Sisi tunamwona."

Nilimrudishia kopo lake tupu na kumfungulia mlango. Alisimama kidogo kizingitini akingoja mtu aseme neno jingine. Alivaa kofia akaenda zake.

Watu walioniuliza nimewaambia kwamba nilimwonea huruma mtoto wa paka asije akafanyiwa kama Meneja. Ni maneno mazuri na kila mtu ameyakubali. Wewe sitakudanganya. Baba mdogo sasa angemlisha yule mtoto vizuri kuliko mtu yeyote hapa Sumbawanga, na mimi nalijua hilo, na ndiyo sababu nimemnyima. Ni kisasi. Najua kwamba ungemwita arudi kabla hajafika barabarani. Ungemkalisha, ungempa chai, ungemchagulia yule mwenye afya zaidi. Ulikuwa mwema hivyo, na sisi ni watoto wako, lakini hatukujaliwa wema wote uliokuwa nao.

Wanaokukumbuka ni wanao Albina na Flavian, mkweo Lugano, wajukuu zako Tusekile na Gift, mdogo wako Rahel, bwana mifugo Yonas mliyefanya naye kazi, rafiki yako Masunga wa Mtowisa, Debora na majirani wote wa mtaa wa maghala, isipokuwa ghala la katikati, pamoja na Meneja na bintiye Karani.

Baada ya jina la mama mdogo Rahel, Lugano alikuwa amepiga la shemeji yako, kwa huruma zake, akidhani sitaisoma stensili. Nimelifuta mwenyewe. Atakayeona doa pale asidhani ni kosa la mashine.

Wewe ungeliacha, mama. Siku zote za uhai wetu hatutakusahau, na yeye hatutamsahau.